Barua ya wazi kwa wajukuu mnaotaka kuwahudumia wanaolala nje hapa Dodoma

Wajukuu zangu,

Mbukwenyi! Nasikia likizo hii ya Juni mnataka kuwahudumia wanaolala kwenye vibaraza vya maduka karibu na soko la Majengo, na tayari mnachangisha mablanketi. Ngojeni kwanza. Msimu huu wa upepo, baridi ya Dodoma humpata mtu kutokea chini, kwa sababu saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha. Aliyejifunika mablanketi mawili bila kutandika kitu atatetemeka tu. Ombeni maboksi madukani, myakunjue, mpange matabaka matatu juu ya kiroba cha nailoni kinachozuia unyevu. Kisha sweta la mtumba na soksi. Blanketi jipya linalong'aa humletea mwenyewe balaa; hunyang'anywa kabla hakujakucha.

Uji nao una hesabu yake. Watu 40, kila mmoja kikombe cha mililita 300, ni lita 12: unga wa mtama kilo moja na nusu unatosha. Vurugeni unga kwenye maji ya baridi kwanza. Ukimwagwa mkavu kwenye maji yanayochemka, unafanya madonge. Ukishachemka, uacheni dakika 15 zaidi huku mnakoroga, maana uji mbichi huvuruga tumbo, na mtu wa nje akiharisha ataenda choo gani? Bebeni ndoo ya koki na sabuni. Watu wanawe kabla ya kupokea kikombe.

Nendeni saa 12:30 asubuhi, si usiku, wawili wawili, na mtu mzima awepo. Aliyelala msimtikise bega. Simameni upande wa miguu, hatua mbili hivi, mseme "shikamoo" kwa sauti ya kawaida. Aliyezoea kuporwa huamka na ngumi. Picha, hapana, hata ya mgongoni.

Mtoto mwenye chupa ya gundi ya kunusa msimpokonye. Mpeni uji, mkae naye. Wala msimchukue kwenda naye nyumbani, hata akililia. Pigeni 116, simu ya bure ya watoto, au mpitie kwa mtendaji wa mtaa awaunganishe na afisa ustawi wa jamii. Msimwahidi shule.

Kama mna Jumamosi nne tu za kuwahudumia, waambieni siku ya kwanza kwamba ni nne. Na kabla shule hazijafunguliwa, tafuteni wa kushika sufuria baada yenu. Kama hayupo, waambieni wanaolala nje Jumamosi ya tatu kwamba uji unakoma.

Babu yenu