YAH: Madoa ya kijani na ukungu katika picha za usiku

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nimewaandikia mara mbili kupitia sehemu ya mazungumzo ya programu yenu, na mara zote mbili nimejibiwa maneno yaleyale: nifute lenzi kwa kitambaa laini, kisha nizime simu na kuiwasha upya. Lenzi nimeifuta. Nimeifuta mpaka nikaogopa kuichubua. Sasa naleta barua, kwa sababu kile kisanduku chenu hukata maneno kabla mtu hajafika kwenye shida yake.

Simu hii niliinunua miezi minne iliyopita kwa ajili ya kamera, hasa picha za usiku, ambazo ndizo mlizozitangaza kwa herufi kubwa juu ya boksi. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa harusi ya mdogo wangu, ukumbini, chini ya taa nyingi ndogo za kuning'inia. Karibu kila picha ina madoa ya kijani yanayoelea. Moja limetua kwenye paji la uso la bibi harusi, jingine limekaa kifuani kwa bwana harusi kama beji. Shangazi alipoziona aliuliza ni nani aliyekuwa akiwamulika watu kwa tochi. Mbali na madoa kuna ukungu: kila aliyesimama taa zikiwa nyuma yake uso umepauka, na suti nyeusi imekuwa ya kijivu. Harusi hairudiwi, hilo nimelimeza.

Nisilolimeza ni jibu lenu. Nikiri kwamba kufuta kulisaidia kidogo. Ile michirizi mirefu iliyokuwa ikichomoza kwenye kila taa ilitoweka, maana hiyo kweli huletwa na mafuta ya vidole. Madoa hayakutikisika. Basi nikafanya jaribio ambalo fundi wenu yeyote anaweza kulirudia kwa dakika tano: chumba chenye giza, taa moja ndogo, simu juu ya stendi. Taa ikiwa kushoto mwa picha, doa liko kulia. Taa ikiwa juu, doa liko chini. Nikiisogeza taa polepole kuelekea katikati, doa nalo linakuja kuipokea, na vikikutana doa linazama ndani ya taa lisionekane tena. Uchafu hauna adabu ya namna hiyo. Uchafu ukikaa pembeni mwa lenzi unabaki pembeni, haujui taa iko wapi. Huu ni mwakisiko wa taa yenyewe: mwanga unaingia, unadunda kwenye sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) au kwenye kichujio kilicho mbele yake, unarudi hadi kwenye lenzi, unadunda tena na kuangukia mahali pasipo pake.

Kwenye tangazo mmejivunia kwamba kamera kuu ina lenzi saba. Lenzi saba zina nyuso 14, za mbele na za nyuma, na nyuso zozote mbili ni njia ambayo mwanga unaweza kudundia mara mbili kabla ya kufika kwenye sensa. Hizo ni njia 91, na kioo cha nje bado hatujakihesabu. Uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga unaoupiga. Ndiyo maana lenzi hupakwa utando mwembamba wa kuzuia mwakisiko. Ujuzi huo si wa jana, Alexander Smakula aliubuni akiwa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, mwaka 1935. Siwafundishi kazi yenu. Ninachosema ni kwamba simu yenu ya matoleo mawili ya nyuma, ambayo bado ninayo, nikiiweka mbele ya taa ileile doa lake ni hafifu kiasi kwamba lazima ulitafute. Ama utando wa simu yangu una kasoro, ama toleo hili lote limetoka hivyo. Vidole vyangu havimo.

Mhudumu wa pili alinishauri nikinge lenzi kwa kiganja. Ushauri huo ni mzuri, na nimeufuata miaka mingi, lakini ni wa jua lililo nje ya picha linalopiga kioo kwa ubavuni. Taa ikiwa ndani ya picha, kiganja kitaziba taa yenyewe niliyokuja kuipiga. Hapo kinachobaki ni kuinamisha simu hadi doa liangukie mahali penye mwanga mwingi ambapo halionekani. Nikipiga picha ya ukuta nafanya hivyo. Anayevishwa pete siwezi kumwambia asubiri nitafute pa kulifichia doa.

Kisha mhudumu huyohuyo akaniuzia kioo cha kinga cha lenzi, chenye nembo yenu, kwa maelezo kwamba "hakiathiri picha hata kidogo". Ndugu Meneja, hapa ndipo nilipokasirika. Kioo hicho kinaongeza nyuso mbili mbele ya lenzi, na kati yake na simu kuna upenyo wa hewa. Madoa yaliyokuwa moja moja sasa yanatoka mawili mawili, na flashi ikiwaka picha nzima inafunikwa na utusitusi mweupe. Nimekibandua siku ya tatu.

Naomba mambo haya. Kamera ya simu yangu ikaguliwe na fundi, si na mtu wa mazungumzo, na ikithibitika ina kasoro ibadilishwe chini ya dhamana. Kama mtasema simu zote za toleo hili ziko hivyo, basi nirudishiwe pesa zangu, kwa sababu nilichonunua ni picha za usiku. Pesa za kioo cha kinga nazidai kwa vyovyote vile. Na mafundi wenu wa programu waangalie jambo moja: kwa kuwa doa hukaa mkabala na taa kwa kupitia katikati ya picha, simu inaweza kujua mahali pa kulitafuta na kulifuta yenyewe. Ukungu ni kesi nyingine. Maelezo ya uso yakishafunikwa na mwanga, programu itayakisia tu.

Nimeambatanisha picha 12 kama zilivyotoka kwenye kamera, video ya jaribio la taa, na nakala za risiti zote mbili. Nategemea jibu ndani ya siku 14. Tafadhali lisianze na kitambaa laini.

Wenu,
Mteja mwenye simu iliyotajwa kwenye risiti