Daktari asaini mapitio ya dawa za wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie dawa wanazomeza wazee wanaolelewa makaziani. Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu, mwenye miaka 81, katika makazi mamoja huku kandokando ya ziwa, nikamkuta miguu imevimba na kuinuka hawezi bila kushika ukuta. Chini ya mto wake palikuwa na bahasha saba za dawa zilizoandikwa kwa kalamu “1x1” na “1x3”, mbili zikiwa na dawa ileile ya presha, amlodipini, kutoka zahanati mbili tofauti. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 32, hivyo sikuhitaji kuelezwa: dawa ya presha ilimvimbisha miguu, akaongezewa furosemaidi ya kupunguza maji, nayo ikamletea kizunguzungu, akaandikiwa dawa ya kizunguzungu.

“Dawa tunazihakiki kila wiki, mama,” mhudumu aliniambia, akafungua daftari lililojaa alama za vema. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kuhesabu vidonge ni kazi moja, na kuamua kama mzee bado anavihitaji ni nyingine, nayo ni ya daktari.

Nchini Marekani, kanuni za serikali kuu zinataka mfamasia apitie dawa za kila mkazi wa nyumba ya wazee angalau mara moja kwa mwezi. Akiona kasoro anaiandika, na daktari wa mkazi huyo analazimika kuandika katika faili kwamba ameisoma na hatua aliyochukua, au, kama habadilishi kitu, aeleze sababu. Mimi sidai kila mwezi, maana najua foleni iliyoko mlangoni kwa madaktari wetu. Naomba waganga wakuu wa wilaya wapange daktari na mfamasia wafike makaziani kila baada ya miezi mitatu, na kila dawa inayobaki iandikiwe sababu na saini. Waanze na wazee wanaomeza glibenklamidi, dawa ya kisukari, huku wakila kidogo au figo zao zimechoka, kwa kuwa sukari yao inaweza kushuka usiku bila mtu kujua, kisha wenye presha wanaopewa diklofenaki ya maumivu ya magoti, ambayo inaweza kupandisha presha. (Dirisha la wazee hospitalini ni jambo jema, ila asiyeweza kutembea halifikii.)

Mjomba alionwa na daktari baada ya mimi kusumbua wiki mbili, bahasha saba zikawa nne. Katika faili lake, hata hivyo, hakuna mstari unaoeleza kwa nini tatu ziliondolewa, na wiki iliyopita moja imerudi.

Muuguzi mstaafu,
Nyegezi, Mwanza