Kuhusu hita ya bafuni kwako

Shoga yangu Rehema,

Habari za siku, na hongera kwa kuhamia Kigamboni. Umeniandikia kwamba hita ya kuogea imo, maji ya kisima yana chumvi, na mwenye nyumba kakuambia ukioga uvae ndala. Hiyo ndala ndiyo iliyonishtua: maana yake koki inapiga shoti na wao wanajua. Zima hita kwenye breka yake, usiiguse mpaka fundi afike.

Nyingi ya hita hizi zina koili iliyo uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi, na umeme huo unatakiwa uondoke kwa waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini. Ethi isipokuwepo, utapita kwako: umelowa, mkono kwenye koki ya chuma, miguu kwenye sakafu yenye maji. Ndala iliyolowa haikukingi. Soma lebo ya hita. Ziko zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Nunua hiyo, ila ujue chumvi huila hata hiyo ikatoboka, kwa hiyo ethi ni lazima vilevile.

Breka usiitegemee. Breka ya ampea 32 inalinda waya usiungue. Sehemu ya kumi tu ya ampea ikipita kifuani inaweza kuua, na breka itakaa kimya. Kinachomlinda mtu ni kifaa kiitwacho RCD, cha miliampea 30: hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ukipotea njiani hukata kabla ya theluthi ya sekunde. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, isipokata, badilisha.

Fundi aifungue hita mbele yako. Waya wa kijani na njano ufuatwe mpaka kwenye rodi iliyozikwa nje. Wapo wanaoiunga ethi na nyutro (waya unaorudisha umeme) humo humo ndani ya hita wakasema kazi imekwisha. Siku nyutro ikikatika, maji na mwili wa hita vyote vina umeme. Ukikuta hivyo, tafuta fundi mwingine.

Hita ya wati 5,500 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 24. Waya wa soketi, milimita 2.5, utachemka. Weka wa 6, utoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha breka bila kuungwa njiani. Penye hita watumie konekta ya kauri. Waya wa kusokotwa na kuviringishwa tepu ndio huungua kwanza. Swichi ikate waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro kwa pamoja, na ikae nje ya bafu.

Usikubali koki iwekwe baada ya hita, maji yakizuiwa humo yanachemka. Matundu ya shawa yakiziba, loweka kwenye siki. Kitufe cha joto usikigeuze maji yakiwa yanatoka. (Dakika 10 ni karibu yuniti moja ya LUKU, waambie watoto.)

Mwisho fundi apime kwa mita kati ya koki na ethi, hita imewaka na maji yanatoka. Ikionyesha zaidi ya volti moja mbili, asiondoke. Nitumie picha ya lebo na ya kisanduku kabla hujamlipa.

Wako,
Zuhura