Barua kwa mwanangu Rehema, anayekwenda Ningbo

Tanga, Julai

Mwanangu mpendwa Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali, na sasa unazidi kwenda mbali. Baba yako anakusalimu sana. Mguu umepoa tangu daktari ambadilishie dawa, ila sukari bado inapanda na kushuka, na halua hataki kuiacha.

Habari yako tumeipokea. Siku ile uliyopiga niliweka simu sauti ya juu ili baba yako asikie, na uani kote wakasikia. Mama Mwanaidi alipiga vigelegele kabla hata hajajua ni jambo gani. Mtoto wa Ngamiani kukabidhiwa kituo cha Kiingereza cha chuo kikuu cha Waingereza, huko China, na chini yake wawepo walimu waliozaliwa na hicho Kiingereza mdomoni! Ulipokata simu niliingia chumbani nikalia peke yangu. Sikutaka uniskie nikilia, ungedhani kuna msiba.

Lakini kuna neno ulilisema mwishoni, likanikaa. Ulisema, "Sasa nitapumzika na darasa, Mama, kazi yangu itakuwa kuongoza." Ulilisema kwa furaha. Tangu siku hiyo usingizi wangu umepungua, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana kwenye simu ungenikatiza.

Usiache darasa, Rehema.

Najua utakachojibu. Kuna ratiba, bajeti, mikataba ya walimu, vikao, wakaguzi, wazazi wenye manung'uniko, wanafunzi waliofeli wanaolia mlangoni. Yote nayajua. Nilikuwa mkuu wa shule miaka 18, tangu 1991 hadi nilipostaafu 2009. Siku ya makabidhiano nilipewa funguo kumi na nne kwenye pete moja, na nakumbuka nilivyofurahia uzito wake mkononi. Muhula wa kwanza nilibaki na vipindi sita. Wa pili, vitatu. Mwaka uliofuata nilikuwa naingia darasani mwalimu akiugua tu. Hakuna aliyeniambia niache. Ofisi haikufukuzi darasani, inakushika tu mkono kila ukitaka kunyanyuka.

Unakumbuka kabati la maktaba? Hukuwahi kuliona likiwa wazi. Miaka ile Waingereza walikuwa na mradi wa kuinua Kiingereza cha sekondari zetu. Wataalamu wao wawili, Criper na Dodd, walikuwa wameandika ripoti 1984 kwamba watoto wetu hawamudu masomo kwa lugha hiyo, kisha wakashauri kiendelee kufundishia hivyo hivyo ila kisaidiwe. Msaada wenyewe ukawa vitabu vya hadithi, vyepesi, vya kusoma mtoto mwenyewe bila mwalimu. Kwetu vilifika kwa maboksi. Mimi niliogopa kuibiwa, nikaogopa mkaguzi atahesabu akute pungufu. Nikavipanga vizuri, nikafunga. Nilipofungua 2009 ili nikabidhi, mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma. Majalada yalisimama mazima na rangi zake. Nilipovuta kimoja, kilichobaki mkononi ni jalada, ndani mlikuwa na vumbi na njia za udongo. Kwenye hati ya makabidhiano niliandika "vitabu vimechakaa". Ningekuwa bado nafundisha Kiingereza hata kidato kimoja, ningevihitaji, na ningevihitaji ningelifungua.

Basi hilo tuliache. Paa la jikoni limerekebishwa kwa zile fedha ulizotuma, mabati manane na misumari, fundi akala na chakula cha mchana siku tatu. Mvua za Mei zilikuwa zimeshaniharibia unga. Mnazi wa nyuma umezidi kuinamia kwa jirani na bado hatujapata mtu wa kuukata kwa bei ya maana. Machungwa ya Muheza yameuzwa yakiwa mtini, kaka yako Hamisi ndiye aliyepatana, na sikupenda bei. Huyo Hamisi naye ameshasikia kwamba Yiwu, ule mji wa masoko, iko mkoa huohuo wa Zhejiang unakokwenda, na anataka umtafutie vipuri vya bajaji umpakilie kontena. Mkatalie. Mwambie Mama amekataza. Dukani kwa Bi. Mwanaidi kuna maboksi ya sufuria yameandikwa NINGBO ubavuni, meli zinajua njia bila wewe.

Nimewaza sana juu ya mahali hapo, kutokana na uliyonisimulia. Kampasi ya Nottingham iliyofunguliwa 2004, ya kwanza ya namna yake China baada ya sheria yao ya 2003 ya kushirikiana na wageni katika elimu. Mnara wa saa umejengwa ufanane na ule wa Nottingham kwenyewe. Lililonifurahisha zaidi ni habari ya yule mwanafizikia, Yang Fujia, kwamba aliyekuwa rais wa kwanza wa kampasi hiyo wakati huohuo alikuwa Mkuu wa Chuo cha Nottingham kule Uingereza. Mchina akakalia kiti hicho tangu 2001. Kwa hiyo asikutishe mtu kwa kukuuliza Mtanzania na Kiingereza wapi na wapi.

Na watoto utakaowapokea nimewawaza pia. Wametoka kwenye ule mtihani wao wa Juni wa kuingia chuo kikuu, gaokao, ambao Kiingereza peke yake kina alama 150 kati ya 750. Watakuwa wamekariri msamiati hadi basi, na sarufi watakujibu bila kupepesa. Kisha wanaingia kwenye ukumbi wa mhadhara, mhadhiri anaongea dakika hamsini bila kituo, na semina wanatakiwa wabishane. Wabishane na mwalimu! Waandike kurasa kadhaa na kuonyesha kila wazo wamelitoa kwa nani, wasije wakaambiwa wameiba. Nafurahi chuo chenu kinawapa mwaka mzima wa maandalizi chini ya kituo hicho chako. Sisi mtoto wetu alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akafika kidato cha kwanza, tukampa wiki sita za kozi ya Kiingereza, kisha tukamfungulia Baiolojia. Wiki sita, Rehema, na mimi nilisaini ratiba hiyo kila Januari.

Ndipo nasema usiwaache walimu wako peke yao na watoto hao. Uliniambia siku moja kwamba kwa Kichina ukisikia tā hujui kama anasemwa mume au mke, hadi uone maandishi, na kwamba wanafunzi wa kule humwita mwanamke "he" hata wakiwa wamekijua Kiingereza miaka kumi. Nilicheka, nikasema basi ni kama sisi na yeye wetu. Baadaye nikamkumbuka Salimu.

Huyu humjui, ni kabla yako. Alikuwa anatembea kutoka Pongwe kila siku. Nilikuwa mwalimu kijana, nimevaa sketi yangu ya kwanza ya mshahara. Nikamwuliza kwa nini hakuleta kazi ya nyumbani. Akasimama wima kabisa, akasema, "My mother, he is sick." Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kisha nikamwandikia ubaoni he na she, nikapigia mstari, nikamtaka arudie mara tatu. Akarudia. Mara ya tatu alilisema sawasawa, na sauti yake ilikuwa imekauka. Wiki iliyofuata hakuja, tukaambiwa amezika. Hakunyanyua mkono darasani kwangu tena hadi alipomaliza kidato cha nne.

Sikukuandikia haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu jambo la Salimu nalijua kwa kuwa nilikuwa mle ndani, nimesimama hatua nne kutoka kwake. Nilipata nafasi ya kubadilika, na nilibadilika, waulize niliowafundisha baada yake. Waliochekwa nikiwa ofisini siwajui hata majina. Ripoti za muhula hazina safu ya hayo.

Mmoja namjua. Ile kamba ya katani yenye fundo niliikuta mfukoni mwa sare yako nikifua, ukiwa kidato cha pili. Kibao chenyewe, kile cha kumvisha shingoni anayenaswa akisema Kiswahili, ulikuwa umekirudisha. Nilijua ni kamba ya nini, maana kibao kile kilitoka stoo yangu. Sikukuuliza wala sikumwuliza mwalimu. Nilijiambia nikiuliza watasema mkuu wa shule anampendelea mwanawe. Niliianika sare, kamba nikaitia jikoni. Wewe ulikaa kimya na mimi nikakaa kimya, na mwaka huo ukaanza kusoma Kiingereza kama mtu anayedai deni. Watu wakinisifu kwamba nimemlea bingwa wa Kiingereza, naitikia tu.

Chukua kipindi kimoja kwa wiki, si zaidi. Kundi la walio nyuma kabisa, si wale hodari wa kuonyeshwa wageni. Kiandike kwenye ratiba kabla ya kitu kingine chochote, na kikao kikiangukia hapo, kikao ndicho kihame. Na ukienda kutazama walimu wako wakifundisha, usikae nyuma na daftari. Nimefanya hivyo, mwalimu anageuka sanamu na watoto wanageuka mawe. Kaa katikati ya wanafunzi, fanya zoezi wanalofanya. Mwalimu wa Kichina umsikilize kuliko yeyote, maana yeye amepita njia ile ile ya wale watoto na anajua mahali wanapojikwaa. Asije akawa mtu wa kusahihisha mitihani tu huku Mwingereza akipewa madarasa mazuri. Kwenye hilo usimuonee haya mtu.

Una kiburi kidogo, mwanangu, nacho ulikitoa kwangu, si kwa baba yako. Kimekufikisha hapo. Lakini mtu mwenye kiburi akipewa ofisi yenye mlango mzito hatoki tena. Na jambo la kuja nyumbani sitaki kulinyamazia. Miaka minne sasa. Hitima ya bibi yako tuliisoma bila wewe. Najua masomo, najua nauli, najua yote. Bibi alikuulizia.

Sasa safari. Umesema Ningbo baridi yake ni ya unyevu na majumba ya upande huo wa Mto Yangtze hayapashwi moto kama ya kaskazini. Nunua vazi la ndani la sufu huko huko Uingereza kabla hujaondoka, usingoje. Khanga nimekuwekea doti mbili kwa Mwanahawa, atampa mwenzake anayesafiri mwezi ujao. Na iriki, na mdalasini wa Pemba. Dagaa sijaweka, wataleta harufu kwenye nguo zote na forodha watakusimamisha. Idi ameniambia WhatsApp huko haifunguki, basi ameniwekea hiyo WeChat kwenye simu yangu na amenifundisha kutuma sauti. Bado nabonyeza nikiwa sijamaliza kusema, utanivumilia. Idi mwenyewe anaingia kidato cha nne na Hisabati inamsumbua. Ukipata nafasi ongea naye, mimi ananiona mkali.

Baba yako anauliza kama kuna msikiti. Nimemwambia ulisema upo wa zamani sana, karibu na Ziwa la Mwezi, mjini. Akafurahi, akasema basi hataki kujua zaidi.

Ukishafika na kupanga mambo yako, nitumie ratiba. Si ya vikao, sina haja nayo. Nataka kujua kipindi chako kiko siku gani na saa ngapi, nitoe saa tano nijue huku kwetu ni saa ngapi. Ikiwa ni asubuhi yenu, huku itakuwa usiku wa manane, na mimi siku hizi saa hizo niko macho.

Anakusalimu kila mtu.

Ni mimi mama yako