Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayetafiti Utambulisho wa Watu

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu, nimelisoma dodoso lako la uzamivu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa kuwa wapo vijana wengine wanaoingia katika saikolojia ya utamaduni na kukabiliwa na jambo hili hili, nimeona heri nikujibu hadharani. Kazi uliyoichagua naithamini sana. Ombi langu ni kwamba, kabla hujaja Tanga kuwauliza watu wao ni nani, ufikirie utawauliza mkiwa wapi, kwa lugha gani na mbele ya nani, maana dodoso lako halina hata mstari mmoja wa kuandika hayo.

Umeyajenga maswali yako juu ya njia nne za mwanasaikolojia John Berry wa Kanada: mgeni aweza kushika utamaduni wake huku akijumuika na wenyeji, au akamezwa nao, au akajitenga, au akakosa huku na huku. Nadharia hiyo imewafaa watafiti wengi, lakini imekulia katika nchi ambazo mgeni hufika na kukuta jamii moja kubwa iliyomtangulia. Sasa njoo Ngamiani, hapa Tanga mjini. Katika mtaa mmoja utamkuta Mdigo, Mbondei, Msegeju na Msambaa, Mshihiri, yaani Mwarabu wa asili ya Hadhramaut, mwenye duka, Mhindi ambaye babu yake alizaliwa hapa hapa, na mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge kutoka Songea, Kigoma au ng'ambo ya Ruvuma. Mwenyeji wa kuwapimia wengine ni yupi? Sisemi kwamba hatubaguani. Mtu huitwa "wa kuja" pale panapogombewa kiwanja, na huumia. Isitoshe, sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo hutapata hesabu rasmi ya kuegemea. Utategemea vinywa vya watu.

Mchukue jirani yangu mmoja, muuza samaki, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa Mmakonde wa mashamba ya mkonge na bibi yake Mbondei wa Muheza. Alfajiri, kwenye mnada wa samaki, hupatana bei na wavuvi kwa Kidigo, tena Kidigo cha kutania na kujibu mapigo. Ukitokea msiba kwa Wamakonde wa mjini, yeye ni wa kwanza kushika jembe kaburini, na hapo hakuna anayemwita kwa jina jingine ila la babu yake. Siku moja alikuja kijana na fomu zake, akaketi naye barazani, akamuuliza kabila. Jirani akajibu, "Mtanzania," akakunja mikono, hakuongeza neno. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilikuwapo, na naamini jibu lile lilikuwa la kweli sawasawa na yale ya mnadani na makaburini. Kosa lingekuwa kulichukua peke yake na kuliita utambulisho wake.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2000, mwanasaikolojia Ying-yi Hong na wenzake walieleza majaribio ambamo wanafunzi wa Hong Kong, watu waliokulia katika tamaduni mbili, walionyeshwa ama alama za Marekani ama za Uchina, kisha picha ya samaki mmoja anayeogelea mbele ya kundi. Walioonyeshwa alama za Uchina walielekea zaidi kueleza mwendo wa samaki yule kwa nguvu ya kundi lililo nyuma yake, wenzao wakauweka zaidi katika nia yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye Verónica Benet-Martínez na wenzake wakaonyesha, kwa Wachina waishio Marekani, kwamba si wote wanaogeuka hivyo: anayeziona tamaduni zake mbili zinapatana hufuata alama aliyoonyeshwa, ilhali anayeziona zinagombana huelekea kwenda kinyume nayo. Hapa ndipo ningependa utie nguvu zako zote, kwa sababu swali la kupatana au kugombana kwa tamaduni ndani ya mtu mmoja hapa Tanga lina uzito kuliko swali la mtu huyo amechagua upande gani.

Tena basi, ikiwa picha chache zaweza kugeuza jibu, je, ofisi yenye bendera na kalamu, na mtafiti aliyevaa kitambulisho cha chuo shingoni?

Nakushauri mtu mmoja umuulize mara mbili, mara moja kazini kwake na mara nyingine nyumbani, pasipungue majuma kadhaa katikati. Tafuta msaidizi ajuaye Kidigo na mwingine ajuaye Kibondei, umwache mjibuji achague lugha, na uandike aliyoichagua. Andika pia nani alikuwa ameketi karibu. Swali lako linalomtaka mtu achague kati ya kabila na taifa lifute, uweke mawili yanayojitegemea, ili atakayependa kuyakubali yote kwa nguvu sawa aweze.

Chumba kipo, na wajomba zako wengine wanakusalimu.

Mjomba wako,
Tanga