Usingoje Kazi Iishe: Barua kwa Mama Mapacha

Musoma, Jumapili jioni

Mama Mapacha mpendwa,

Salamu zako zimefika. Sisi huku hatujambo, namshukuru Mungu, na nimefurahi kusikia homa ya watoto imepoa. Ujumbe wako wa juzi niliusoma nikaona si wa kujibiwa kwa simu kati ya mteja na mteja, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unasema tangu uchukue fremu ya duka Kariakoo, Sabato yetu, ile ya kuanzia Ijumaa machweo hadi Jumamosi machweo, inakuponyoka. Jumamosi wanunuzi wa mikoani wanafurika, siku hizi soko linafanya biashara usiku na mchana, jirani yako hafungi, na mwenye fremu anataka kodi yake kamili. Kisha ukaandika: "Nikimaliza kupanga mambo yangu nitaanza kupumzika." Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, maana naamini shida yote imelala hapo.

Kazi haiishi, rafiki yangu. Miaka yote hii ya kushona sijaona Ijumaa ambayo nguo zote zimekatwa, zimeshonwa, zimepigwa pasi na wenyewe wamezichukua. Siku zote kuna sare za kwaya hazijatiwa vifungo, kuna gauni la harusi halijapata zipu. Jua likishuka ziwani nafunika cherehani, na mshono unabaki pale pale ulipofikia. Napumzika kwa sababu saa ya kupumzika imefika, basi. Ningengoja nimalize, ningezeeka sijaionja Sabato hata moja.

Nami nashukuru kwamba mpaka wetu ni machweo. Saa ya ukutani mtu huibembeleza: dakika kumi tu, nusu saa tu, huyu mteja wa mwisho. Jua halibembelezeki. Huku kwetu mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi; kwenu Dar, kwa kuwa mko mashariki, linatangulia kidogo. Sisi wa karibu na ikweta tumerahisishiwa sana. Fikiria waumini walioko Stockholm: mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, watu bado wako kazini, na mwezi Juni linapita saa nne usiku. Nao wanaishika.

Ila Sabato haianzi Ijumaa jioni. Inaanza Alhamisi, ninapoloweka maharage. Injili inaiita Ijumaa siku ya Maandalio, na kwangu jina hilo ni kazi kamili. Asubuhi na mapema mahindi na maharage yako jikoni, makande yanatokota taratibu kwenye mkaa huku nikishona. Ikifika alasiri nayaunga, natia kwenye hotpoti. Maji yamejazwa, nguo za kanisani zimenyooshwa, viatu vimepigwa rangi, na sadaka imetengwa ili Jumamosi nisishike pochi ya biashara. Mteja akija saa kumi na oda mpya nampima, naandika vipimo kwenye daftari, namwambia Jumapili. Wayahudi nao wana mapishi yao ya namna hii tangu zamani: chungu cha nyama na maharage kinawekwa kwenye moto mdogo Ijumaa kabla jua halijazama, kinaiva usiku kucha, kinaliwa Jumamosi mchana, kwa kuwa torati inakataza kuwasha moto siku hiyo. Niliposoma habari hiyo nilijisikia jirani na akina mama nisiowajua kabisa. Kwa hiyo nikushauri: kabla hujahangaika na Jumamosi, itengeneze Ijumaa yako. Mzigo wa dukani uhesabiwe Alhamisi, na marejesho ya kikoba yatumwe Ijumaa mchana.

Jambo la pili ni zito, na nakuambia kwa sababu nakupenda. Hukuandika neno juu ya dada wa kazi wala vijana wawili wa dukani. Soma tena Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Katika Kutoka 20 sababu ya Sabato ni uumbaji. Hapa sababu ni kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa Misri, kwa hiyo mtumwa wako na mjakazi wako nao wapumzike kama wewe. Hata ng'ombe na punda wametajwa. Ukienda kanisani na kitambaa chako kizuri huku dada anasugua masufuria na kijana anauza kanga kwa jina lako, duka halijafungwa. Na hata tukiiacha Biblia pembeni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi walau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Dada aende kwao, au akalale, au akatembee. Makande ya Ijumaa yanampumzisha yeye pia.

Ulipendekeza pia uwe unapumzika siku yoyote ambayo biashara imelala. Nimelifikiria. Mwaka 1929 serikali ya Urusi ya Kisovieti ilijaribu kitu kama hicho: wiki ikawa ya siku tano, wafanyakazi wakagawanywa makundi, kila kundi na siku yake ya mapumziko, ili viwanda visisimame kamwe. Mume akapumzika leo, mke keshokutwa, na siku ya kukaa pamoja ikawa haipo. Watu walinung'unika, utaratibu ukabadilishwa mwaka 1931, na mwaka 1940 wakarudi kwenye wiki ya siku saba. Siku inayohamahama italiwa na kazi, na hata ikisalia utakuwa peke yako: mapacha wako shule, shemeji yuko safarini, kanisa limefungwa. Iwe siku moja, na mapacha waijue tangu wangali wadogo.

Kuhusu fedha sitakuficha. Utapoteza. Wapo wanaohubiri kwamba mauzo ya Jumapili yatafidia yote, mimi siwezi kukuahidi hivyo, wala sipendi Sabato inadiwe kama mtaji. Mimi wateja wa harusi wengine wameondoka, wakapata fundi mwingine. Mana ya Waisraeli jangwani ilianguka maradufu siku ya sita, ndiyo, lakini wale watu walipewa cha kula, hawakupewa ghala. Wewe kaa na daftari lako, uone kwa siku sita unaweza kulipa kodi na ada. Kama haiwezekani, huenda fremu hiyo ni kubwa kuliko uwezo wako, na hilo ni vizuri ulijue mapema. Hapa Mara Wasabato tumejaa, hakuna anayeshangaa mlango ukifungwa. Huko itabidi ubandike karatasi mlangoni na uwaambie wateja wako mmoja mmoja. Watazoea.

Umeuliza akija mtu mwenye shida siku hiyo ufanyeje. Msaidie. Bwana alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, na mgonjwa hangojeshwi mpaka machweo.

Na umeuliza siku nzima utafanya nini. Shule ya Sabato, ibada, chakula, kisha lala. Kweli, lala mchana bila aibu. Jioni nendeni mkamwone mgonjwa, au wapeleke mapacha Coco Beach waione bahari. Wasimulie hadithi za Yusufu. Kabla jua halijazama imbeni, mwombe, mfunge Sabato wote mkiwa mmeshikana mikono.

Vile vitenge nilivyoagiza, tafadhali usivipakie kwenye basi la Ijumaa. Vitafika Jumamosi na sitakwenda stendi kuvipokea. Vipakie Jumapili, fedha nitakutumia Jumatatu asubuhi vikifika.

Wasalimie wote nyumbani, na dada msalimie kwa jina langu.

Dada yako katika Bwana,
Fundi wako wa Musoma