Wepesi wa Sargent ulikuwa na gharama

Mhariri,

Kila anapotajwa John Singer Sargent, mchoraji wa picha za watu kwa rangi za mafuta, watu husifu wepesi wa mkono wake: eti alipitisha brashi mara tatu, hariri ikang'aa. Wanafunzi wa sanaa huyachukua maneno hayo kama ruhusa ya kulipua kazi.

Sargent alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1856, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Mwaka 1874 akaingia studio ya mchoraji na mwalimu Carolus-Duran, Paris. Humo mtu hakuanza na macho wala midomo. Aliweka umbo kwa mkaa, kisha akapanga rangi kwa mapande mapana: ya penye mwanga, ya kati, ya kivulini, kila pande kando ya mwenzake bila kulainisha maungio. Rangi ya kati ikikosewa, hakuna urembo utakaoiokoa sura. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu: kope zimeshachorwa moja moja, shavu bado halijakaa kwenye fuvu.

Mwalimu huyo alimhusudu Velázquez, mchoraji wa Kihispania wa karne ya 17, kupita kiasi, naye Sargent akaenda Madrid mwaka 1879 kunakili kazi zake. Mwaka uliofuata akaenda Uholanzi kuzisoma kazi za Frans Hals, mchoraji wa huko wa karne hiyo hiyo. Kwa wa kwanza alijifunza nyeusi na kijivu. Kwa wa pili, kuweka rangi na kuiacha ilipotua.

Sasa itazameni "Madame X", picha ya Virginie Gautreau, mzaliwa wa Louisiana. Mwaka 1883 Sargent alimchora kwa penseli mara nyingi, kwa mikao tofauti, maana bibi huyo hakuwa mvumilivu wa kukaa. Hata kwenye kanvasi yenyewe aliurekebisha mstari wa uso tena na tena. Ngozi inayodhaniwa ni nyeupe tupu ina nyeupe ya madini ya risasi, nyekundu ya vemilioni, kijani cha viridiani, hata nyeusi ya mfupa. Ondoa kijani hicho, unabaki na mdoli.

Ilipoonyeshwa Salon, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, mwaka 1884, ukanda wa gauni wa bega la kulia ulikuwa umeteleza; watu wakaona ni utovu wa adabu, Paris ikachafuka. Baadaye Sargent akaupaka upya ukiwa umekaa begani. Kwenye nakala ambayo hakuimaliza, iliyoko jumba la sanaa la Tate, London, ukanda huo haupo hadi leo. Mwaka 1886 alihamia London, na studio yake ya Boulevard Berthier ikachukuliwa na Giovanni Boldini, mchoraji mwingine wa mabibi wa kifahari (ambaye, kwa maoni yangu, mpigo wa brashi ulimlevya). Makumbusho ya Metropolitan ya New York iliinunua "Madame X" mwaka 1916 kwa pauni 1,000.

Kanvasi Sargent aliisimamisha kando ya anayechorwa, akarudi nyuma, akavitazama vyote viwili kwa pamoja, ndipo akasogea kuweka mpigo mmoja. Kichwa kikikataa, hakukiremba: alikikwangua chote akaanza upya. Kazi ya siku nzima ingeweza kuishia kwenye kitambaa cha kufutia.

Anayetaka kujaribu atumie nyeupe ya titani, kwani ya risasi ni sumu. Gauni jeusi, kama la Madame X, alipake kwa tabaka jembamba. Nyeusi ya mfupa hunywa mafuta mengi na hukawia kukauka. Ukiipaka nene, kisha ukaweka juu yake rangi inayowahi kukauka, ya juu itapasuka.

Mwalimu wa uchoraji,
Arusha